Nyumba majivu, miti mibichi: mtaa unaunguaje, kutoka Lahaina mpaka mapaa yetu ya makuti

Mwenyeji wa Langoni (mleta uzi)

Assalamu alaikum wanajukwaa.

Wiki iliyopita, baada ya sala ya isha, tulikuwa barazani hapa Langoni, kisiwani Lamu, ami yangu alipotoa simu akatuonyesha video inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ni mtaa ulioteketea huko Marekani. Nyumba zimebaki majivu meupe na mabomba yaliyopinda, magari yamebaki magofu, na rimu za magurudumu zimeyeyuka zikatiririka barabarani mpaka zikaganda kama samli iliyopoa. Kando ya hayo yote kuna miti imesimama na majani yake. Msimulizi anauliza kwa sauti ya kutisha ni moto gani unaoyeyusha chuma ukaacha jani, kisha anajijibu mwenyewe kwamba hiyo ni silaha ya miale iliyopigwa kutoka angani. Ami akanigeukia: "Wewe ndiye fundi, haya sema."

Sikusema. Sikupenda kumkatiza mzee mbele za watu, na jibu lenyewe ni refu kuliko baraza la usiku mmoja, kwa sababu linataka mtu aeleze kwanza namna nyumba inavyoshika moto. Nimejenga na kukarabati nyumba kwa zaidi ya miaka 20, na jambo hili limenishughulisha tangu utotoni, basi nimeona niliandike hapa ili wengine nao wachangie.

Naanza na nililoliona kwa macho yangu. Nilikuwa na umri wa miaka 13 jiko la jirani yetu, lililoezekwa kwa makuti, lilipoungua mchana mmoja wa kusi. Chanzo kilikuwa chetezo. Nguo zilikuwa zimefukizwa udi, kaa moja likabaki hai, na upepo ukalipuliza. Makuti yaliwaka yakaisha kwa muda usiozidi wa kuswali rakaa mbili, lakini boriti zilizoangukia ndani ziliendelea kuwaka mpaka magharibi. Asubuhi tulipofukua majivu tulikuta sufuria ya wali imekuwa bonge lisilo na umbo, na vipande vya mkaa vimenasa ndani yake. Mama alilihifadhi bonge lile na lipo mpaka leo. Mwarobaini uliokuwa hatua sita kutoka jikoni ulikauka majani ya upande mmoja tu, upande ulioelekea jiko, na upande wa pili ulibaki kijani kama kwamba hakuna kilichotokea.

Sufuria zetu ni za alumini, na alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi za Selsiasi. Rimu nyingi za magari ni za aina hiyohiyo. Nyumba ikiwaka pamoja na magodoro, viti, mazulia na plastiki zilizomo, joto lake linaweza kupita nyuzi 1,000, na gari lenye matairi ya mpira na mafuta ndani ya tangi halihitaji msaada wa angani kuyeyusha rimu zake. Kama jiko la jirani yetu liliweza kuyeyusha sufuria, sioni kwa nini nyumba nzima ishindwe.

Kuhusu mti, jani bichi limejaa maji, na kabla ya kuwaka sharti maji yale yachemke na kutoka. Moto wa nyasi ukipita hukaa mahali pamoja kwa sekunde chache tu, kwa hiyo aghalabu hupita kabla ya kumaliza kazi ya kulikausha jani. Mbao za nyumba zimekwisha kukaushwa kabla hata hazijapigiliwa msumari, na zikishika huwaka kwa saa nzima au zaidi. Ukizitazama kwa utulivu picha za mitaa ya namna hiyo, utaona kwamba mara nyingi majani yaliyobabuka ni yale yaliyoelekea nyumba, sawasawa na mwarobaini wetu, kwa maana kwamba joto lilitoka kwenye nyumba likaenda kwenye mti.

Mtaa wa kwenye video ni wa Lahaina, katika kisiwa cha Maui, Hawaii. Ulikuwa mji wa bandari wa zamani, uliowahi kuwa makao ya wafalme wa visiwa vile, na sehemu kubwa ya nyumba zake zilikuwa za mbao, zimebanana kutoka mlimani hadi ufukweni. Tarehe 8 Agosti 2023 upepo mkali ulishuka kutoka mlimani kwenda baharini, ukaangusha nguzo za umeme, na nyaya zikawasha nyasi kavu asubuhi. Wazimamoto waliuzima moto ule, wakaamini umekwisha, wakaondoka. Alasiri ukafufuka. Watu 102 walikufa, majengo zaidi ya 2,200 yaliharibika, na wako waliookoka kwa kuingia baharini na kukaa majini kwa saa nyingi huku moshi ukiwafunika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulithibitisha kwamba moto wa alasiri ulikuwa ule ule wa asubuhi.

Jambo moja lilinigusa kama mtu wa pwani hii. Nyasi zilizobeba moto ule, ndefu na zenye kukauka haraka, asili yake ni Afrika. Zilipelekwa kule kuwa malisho ya ng'ombe, na mashamba ya miwa yalipoachwa, kiwanda cha sukari cha Lahaina kilipofungwa mwaka 1999, zikayatwaa mashamba yote.

Nitaendelea, lakini nakaribisha maswali.

---

Mlinzi wa Mvinje, Malindi

Ahsante kaka kwa uzi. Mimi ni msimamizi wa nyumba za wageni huku Malindi, upande wa ufukweni, na nina ushahidi wa kuongeza pamoja na swali.

Miaka michache iliyopita mkahawa ulio nyumba ya tatu kutoka kwetu uliwaka moto wakati wa kaskazi. Paa lake lilikuwa la makuti, refu sana, la mtindo ule wa kuwapendeza wageni. Watu hudhani kwamba makuti yakiwaka huanguka chini, lakini nililoliona mimi ni makuti yanayopaa. Kuti zima lilikuwa likinyanyuka na moshi kama tiara, likigeuka hewani, huku ukingo wake ukiwa mwekundu, kisha linateremka taratibu mbali na pale lilipotoka. Moja lilivuka ukuta wetu wa mawe, likavuka bwawa la kuogelea, likatua juu ya kibanda cha baa upande wa pili. Nyumba iliyo katikati, ambayo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na moto, ina paa la vigae na haikupata hata doa. Nilisimama na mpira wa bustani mkononi nikimwagia ukuta ambao haukuwa na haja ya maji, na nyuma yangu baa ikawaka.

Swali langu ni hili. Wamarekani hawaezeki makuti. Nyumba zao nyingi zina vigae, au yale mapaa ya lami, na kuta zimepigwa plasta. Hiyo cheche inaingilia wapi?

---

Mwenyeji wa Langoni (mleta uzi)

Swali lako ndilo kitovu cha jambo lote.

Watu wengi, hata kule kwao, walikuwa wakiamini kwamba moto wa msitu huja kama ukuta wa ndimi ukaimeza nyumba. Mtafiti mmoja wa idara ya misitu ya Marekani, Jack Cohen, alitumia miaka mingi kulichunguza hilo. Katika majaribio yaliyofanywa kaskazini mwa Kanada mwishoni mwa miaka ya 1990, vipande vya msitu vilichomwa kwa makusudi, na kuta za mbao zikasimamishwa mbele yake kwa umbali tofauti. Ukuta uliokuwa umbali wa mita 10 uliwaka katika baadhi ya majaribio na kunusurika katika mengine. Ule wa mita 20 ulibabuka kidogo tu, na ule wa mita 30 haukuonyesha alama. Huo ni msitu mzima unaowaka kuanzia chini mpaka vileleni, na mbao kavu zilizokuwa umbali wa mita 30 hazikushika.

Basi kama ukuta wa moto hauwezi kuvuka mita 30, mitaa inaunguaje ikiwa nusu kilomita kutoka msituni? Kwa cheche. Upepo hubeba vipande vya magome, vijiti, mbegu za misonobari na baadaye vipande vya nyumba zenyewe, vikatua kwa maelfu katika mtaa, mara nyingine kilomita moja au mbili mbele ya moto. Katika moto wa Februari 2009 kule Victoria, Australia, uliowaua watu 173, magome ya mikaratusi yalibebwa zaidi ya kilomita 30.

Cheche hiyo haiwashi ukuta wa plasta, na wala haiwashi kigae. Inatafuta kile ambacho mwenye nyumba amekisahau. Inaingia kwenye mchirizi wa paa uliojaa majani makavu. Inapenya tundu la hewa la darini, ambako kuna vumbi, mbao na maboksi ya vitu vya zamani, na mwenye nyumba haoni kitu mpaka moshi utoke juu. Inatua juu ya mkeka wa kupangusia miguu mlangoni, juu ya kuni zilizopangwa kando ya ukuta, au kwenye pembe ambapo ua wa mbao unagusa nyumba. Ua wa mbao nawaambia ni utambi. Mtu hujenga nyumba ya maelfu ya dola, kisha akaifunga utambi unaopita kwa majirani wote.

Ndiyo maana mafundi wa kule sasa hutilia mkazo mita moja na nusu ya kwanza kuzunguka nyumba, kwamba pale pawe mawe, kokoto au saruji, pasiwe na kichaka wala kuni. Matundu ya hewa huwekwa wavu wa chuma wa matundu madogo, yasiyozidi milimita 3 hivi.

Kwenye video ya ami kuna nyumba moja ya paa jekundu iliyosimama peke yake pale Lahaina, kila jirani akiwa majivu, na msimulizi anaitumia kama ushahidi kwamba kuna walioteuliwa kuokolewa. Nyumba ile ni ya mbao na ina umri wa miaka 100 hivi. Wenyewe walikuwa wameikarabati muda mfupi kabla ya moto, wakaondoa paa la lami wakaweka la chuma, kisha wakang'oa mimea iliyogusana na kuta na kupanga mawe ya mtoni chini ya mchirizi pande zote. Mawe yale hawakuyaweka kwa ajili ya moto. Walikuwa wakipigana na mchwa.

---

Binti Shela

Kaka, nimesoma kwa makini na sina ugomvi na maelezo ya video, ila nina shaka na kichwa cha uzi wako. Umeunganisha Lahaina na mapaa yetu. Lamu ni kisiwa. Hatuna misonobari, hatuna mikaratusi ya kubebwa kilomita 30. Mkomani, mtaa wa nyumba za kale, ni mawe matupu na huku kijijini Shela tumezungukwa na mchanga. Wale walijenga nyumba za mbao katikati ya nyika, wakavuna walichopanda. Naogopa uzi kama huu utakuja kutumiwa na watu wanaotaka kutupiga marufuku makuti, wakati wengi wetu makuti ndiyo tunayoyamudu, na nyumba ya bati katika joto la Machi haikaliki.

---

Mwenyeji wa Langoni (mleta uzi)

Dada yangu, hofu yako ni ya haki na ninaiheshimu, wala mimi si mtu wa kupiga vita makuti. Nyumba niliyozaliwa ina makuti na nyumba ninayolala ina makuti. Hata hivyo, kwa hoja ya msitu sikubaliani nawe.

Tarehe 30 Desemba 2021, katika jimbo la Colorado, miji miwili midogo na viunga vyake ilipoteza nyumba zaidi ya 1,000 kwa mchana mmoja. Hapakuwa na msitu. Palikuwa na nyasi za kiangazi, upepo uliopita kilomita 160 kwa saa, na nyumba mpya zilizopangwa karibukaribu katika mitaa yenye barabara za lami na maduka makubwa. Siku iliyofuata theluji ikaanguka juu ya majivu. Los Angeles nayo, mioto miwili mikubwa iliyoanza tarehe 7 Januari 2025 iliharibu majengo zaidi ya 16,000, na mengi ya hayo yalikuwa mitaani, mbali na vichaka vya mlimani. Nyika hutoa kiberiti tu. Nyumba za mwanzo zikishika, kila moja hugeuka chanzo cha cheche kubwa kuliko za kichaka chochote, huwaka kwa muda mrefu kuliko mti wowote, na joto lake hupasua kioo cha dirisha la jirani, kwa sababu katikati ya kioo hupata moto huku kingo zilizofichwa ndani ya fremu zikibaki baridi. Kioo kikianguka, moto umekaribishwa sebuleni. Kutoka hapo nyasi hazina habari tena. Nyumba inaiwasha nyumba, mpaka upepo utulie au mtaa wenyewe uishe.

Ukishaliona hivyo, suala la Lamu kuwa kisiwa halitusaidii sana. Kiberiti chetu kinaweza kuwa mtungi wa gesi, waya ulioguguniwa na panya, jiko la mkaa, au chetezo. Baada ya hapo hesabu ni ileile, yaani kuna nini cha kupokea cheche, na nyumba ya pili iko umbali gani.

Kuhusu Mkomani uko sahihi kwa nusu. Waliojenga nyumba zile walikuwa na akili ya ajabu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu dhiraa moja. Juu kuna boriti za mikoko, juu ya boriti mawe, juu ya mawe sakafu ya chokaa iliyopondwa. Kuti linalowaka likitua juu ya sakafu ile litaungua mpaka liishe na litaacha doa jeusi. Mwanga unaingia kwa kiwanda, yaani uwanja ulio wazi katikati ya nyumba, na upande wa njiani ukuta hauna madirisha mengi ya kupasuka. Lakini panda leo juu ya nyumba yoyote ndefu utazame. Karibu kila nyumba iliyouzwa au kukarabatiwa kwa ajili ya wageni imevishwa kofia ya makuti juu ya sakafu, ghorofa ya tatu, mahali penye upepo kuliko pote. Wazee waliweka mawe juu ili moto usipate pa kushika, nasi tumekwenda kuweka kuni juu ya mawe. Mimi mwenyewe nimejenga kofia za namna hiyo si chini ya 12, na nililipwa, kwa hiyo lawama hii naanza nayo kifuani pangu.

Na umbali? Kuna njia hapa Langoni ambazo punda wawili wenye shehena hawapishani. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na juu ya kichwa chako mapaa yanakaribia zaidi kuliko kuta, kwa sababu kila mmoja amerefusha upenu wake kukinga mvua. Gari la zimamoto, hata likiwapo, haliwezi kuingia. Maji tunayo bahari nzima, lakini maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, ukingo wa bahari unarudi nyuma ukaacha matope, na mstari wa ndoo unakuwa mrefu kuliko watu waliopo. Lahaina nao walikuwa ufukweni. Mabomba ya nyumba zilizoungua yaliyeyuka na kupasuka, maji yakamwagika bure, na wazimamoto wakafungua bomba la njiani wakakuta halina nguvu.

Kuhusu kupiga marufuku, wala usinihofu. London ilikataza mapaa ya nyasi tangu mwaka 1212, na mwaka 1666 ikaungua siku nne, nyumba zaidi ya 13,000, kwa sababu walikataza nyasi wakaacha nyumba za mbao zimebanana katika vichochoro. Ukiniuliza mimi, amri moja ya kuondoa makuti ingewaumiza maskini wa Langoni na kuacha nyaya mbovu palepale zilipo.

---

Fundi Mzee wa Makuti

Assalamu alaikum. Kijana wangu ananiandikia, mimi nasema naye anaandika. Nimeezeka tangu kabla ya wengi wenu kuzaliwa, Lamu, Matondoni na Kipungani, na mara moja nilichukuliwa mpaka Watamu.

Nina mawili. La kwanza, makuti si kitu kimoja. Kuti lililosukwa vizuri, likapangwa karibukaribu na kubanwa kwenye upapi, upande wa juu haliwaki upesi, kwa kuwa limelala na limeshikana, na cheche ndogo ikitua juu huweza kufa. Hatari iko katika ncha za chini, pale upenuni, ambapo majani yananing'inia malegevu kama ndevu, hewa inapita kati yake, na ndani ya nyumba ambako kila jani limeelekeza ncha chini likingojea moto. Moto ukiingia kwa chini, paa lote ni bomba la moshi. Vijana wa siku hizi huachia ndevu ndefu kwa sababu wageni wanazipenda. Sisi tulizikata. Tena kuti la miaka saba si kuti la mwaka mmoja. La zamani limekuwa vumbi, na mtu anaongeza makuti mapya juu ya mabovu ili apunguze gharama, akidhani amepata paa nene, kumbe amejaza katikati kitu kinachowaka kama utambi.

La pili ni huo moto wa Hawaii uliozimwa ukafufuka. Sikushangaa hata kidogo. Makumbi ya nazi, mimi bibi yangu alikuwa akihifadhi moto ndani yake usiku kucha, hana kiberiti, na asubuhi anapuliza mara mbili anapika uji. Nje unaona jivu, ndani mna kaa. Paa la makuti likizimwa ni hivyohivyo, na kisiki cha mnazi ni zaidi. Nimeona kiambaza kimezimwa adhuhuri, watu wakaenda kula, na kabla ya alasiri upepo wa kusi umelitoa kaa kwenye tundu la boriti. Anayezima makuti sharti ayashushe yote chini, ayafumue, ayamwagie maji tena, kisha mtu akae hapo mpaka kesho. Kukaa hapo ndiko kazi, na ndiko watu wasikokutaka.

---

Mwenyeji wa Langoni (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Hayo ya makumbi yangefaa kufundishwa katika vyuo vya wazimamoto. Moto wa milima ya Oakland, California, wa tarehe 20 Oktoba 1991, ulioua watu 25 na kuteketeza nyumba karibu 3,000, nao ulikuwa umewaka siku iliyotangulia na kuhesabiwa kuwa umedhibitiwa. Miaka 32 kabla ya Lahaina, na kaa ni lile lile ndani ya kumbi.

---

Mlinzi wa Mvinje, Malindi

Baada ya kumsoma mzee nimetoka nje nikatazama upenu wa nyumba ninazozisimamia, na ndevu ni ndefu kweli, nyingine zimefika usawa wa kichwa changu. Zaidi ya hilo, sindano za mvinje, yaani majani yake membamba, zimejaa juu ya paa la kibanda cha jenereta kiasi cha kufunika bati lote. Nilidhani bati ni salama. Nimefagia nimejaza gunia mbili na nusu, zote kavu za kuvunjika mkononi. Je, ule mti mkubwa wa Lahaina unaoonekana kwenye picha ulinusurika kwa sababu gani? Nauliza kwa ajili ya mivinje yangu, kwani tajiri anataka ikatwe.

---

Mwenyeji wa Langoni (mleta uzi)

Ule ni mti wa jamii ya mikuyu ulioletwa kutoka India na kupandwa mwaka 1873. Ulibabuka majani, ukadhaniwa umekufa, wakaumwagilia maji, na baada ya wiki chache ukaanza kuchipua. Mvinje ni mti wa namna nyingine na sindano zake ndizo tatizo, lakini mimi nisingeukata mti mzima kwa kosa la takataka zake. Fagia paa, ondoa sindano zilizo karibu na ukuta, kata matawi yanayogusa nyumba, na mwambie tajiri kwamba mivinje hiyo ndiyo inayomvunjia nguvu upepo wa baharini. Ndevu za upenu zinahitaji mkasi kabla ya mivinje kuhitaji shoka.

Sasa nirudi kwa ami. Juzi nilikwenda barazani na lile bonge la sufuria ndani ya mfuko. Sikutoa hotuba. Nilimpa mkononi, nikamkumbusha jiko la jirani, naye alikuwapo siku ile kwani ndiye aliyekuwa mbele kwenye mstari wa ndoo. Aliligeuza mara kadhaa, akalipima uzito, akachomoa kipande cha mkaa kwa ukucha. Kisha akauliza juu ya mwarobaini, kama bado upo. Upo. Tukaenda kuutazama kwa tochi, na upande ulioungua zamani una tawi jipya nene kuliko mkono wangu. Video hakuitaja tena, nami sikuitaja.

Aliloniambia ni kwamba nikapime upenu wangu kabla ya kuandika ya watu. Nimepima leo asubuhi kwa kamba. Kutoka makuti yangu mpaka makuti ya jirani wa ng'ambo ya njia ni shibiri tatu, na mahali pamoja ndevu zinakutana kabisa, nami nimepita chini yake kila siku kwa miaka yote hiyo. Jirani amekubali kutoa safu mbili za makuti upande wake nami safu mbili upande wangu, na mahali pale tutaweka bati jembamba la kukinga mvua isiingie ukutani. Kijana wa Fundi Mzee atakuja Jumamosi kukata. Jirani alikuwa na sharti moja tu, kwamba kazi ianze alasiri, wakati maji yatakuwa yamejaa.